Nguvu Bila Samli

Mpendwa kaka,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu nijifungue. Sikukusahau, nilikuwa nimechoka tu. Nikishika kalamu Neema analia, akilala na mimi nimeshalala.

Unakumbuka vyuma vyako pale nyuma ya nyumba? Makopo mawili ya rangi uliyajaza saruji, katikati bomba. Mimi nilikuwa nakuhesabia, ukimaliza unaniachia nijaribu, nanyanyua mara tatu mikono inatetemeka. Wewe ndiye uliyeanza kuacha nyama, siku ile wageni walipochinjiwa mbuzi wetu. Nikakufuata. Ukaacha na mayai na maziwa, nikakufuata tena. Majirani wakasema nyie wawili mtakauka. Wewe ulikuwa unamaliza sahani mbili za maharage, karanga mfukoni, na kifua kinazidi kutanuka. Uliniambia, "Kula, nyanyua, lala. Usiruke hata kimoja."

Sasa kaka, nimeolewa kwa watu wa ng'ombe. Baada ya upasuaji wa uzazi sikuweza kuinua hata ndoo. Mama mkwe akaja hapa Nsemulwa kutoka Magamba, akanitazama. "Mama Neema, mtu asiyekunywa maziwa atambeba nani? Mtoto akiacha kunyonya nakwenda naye kwenye ng'ombe. Ukipata nguvu utamfuata."

Nikamwomba kitu kimoja: mavuno yakifika, nikijitwika debe la mahindi mwenyewe, bila mtu kunisaidia kulipandisha kichwani, mtoto anabaki.

Akacheka. "Haya. Hilo nitakaa nilione."

Daktari aliporuhusu nikaanza. Nusu ndoo, kisha ndoo nzima. Kuchuchumaa na kusimama na Neema mgongoni, asubuhi na jioni. Nakula maharage, kunde, kisamvu cha karanga. Mama mkwe akabaki anisaidie kupika, nami nikashukuru kweli. Wiki iliyopita, mahindi yalipovunwa, nikajitwika debe mbele yake, nikazunguka nalo uani mara mbili.

Akapiga vigelegele. Halafu akasema, "Umeona samli yangu ilivyofanya kazi?"

Kumbe siku zote alikuwa anatia samli kwenye kisamvu changu. Mimi nikadhani ni utamu wa karanga. Baba Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Hakufanya kwa ubaya. Kwao mzazi anapewa samli, ndiyo kumpenda. Ila nilimwambia, "Mama, asante kwa kunihurumia, lakini hiyo sikuiomba. Naanza upya na chungu changu. Wiki sita, halafu nitajitwika tena."

"Ukishindwa namchukua."

"Nikiweza, mama, habari za kumchukua ziishe."

Akakubali. Sina hofu sana. Neema amekuwa mzito, na namwinua kwa mkono mmoja huku nakoroga uji. Lakini mtoto wangu simtoi, kaka, na nataka nijue nguvu hizi ni za nani.

Wasalimie wote hapo kwako. Maharage yapo, usihangaike nayo. Nitumie kwa basi: soya kilo tano, nzima, siyo unga, ufuta kilo mbili, karanga kilo tatu, sufuria ya wastani yenye masikio na mfuniko unaobana, na kufuli dogo.

Mdogo wako,
Mama Neema