Betri Niliyoifunga kwa Mkono

Gatina, Kawangware
Jumapili mchana

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: asubuhi ile gari la Mjomba lilipokataa kuwaka, kosa lilikuwa langu. Nimelitanguliza kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitajificha humo. Sasa ndiyo nikusalimu. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeshuka huko? Mimi mwili ni mzima. Sikupigii kwa sababu simu ni ya Mjomba, na yeye huweka spika ili naye asikie habari za nyumbani.

Unajua gari lake hulala nje ya ploti, na huku betri za magari yanayolala nje hutembea na wezi. Kwa hiyo kila jioni mimi huifungua betri na kuileta ndani, na asubuhi huirudisha na kuikaza kwa spana namba kumi. Ni kazi yangu, Mama, na naipenda. Jumatatu spana iliniponyoka ikaingia mtaroni. Niliona haya kusema. Nikabonyeza nyaya juu ya betri kwa mkono, nikafunga boneti, nikaingia kunywa chai.

Mjomba alipozungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka vizuri, kisha ikasikika tak moja na zote zikazimika. Akauachia ufunguo, akajaribu honi, ikalia. Jirani yetu Baba Shiru akasema basi betri iko sawa, hiyo ni starta. Mimi nilijua pale pale. Tumefunzwa kwenye Fizikia: taa na honi huhitaji umeme kidogo, starta huhitaji mwingi, na waya uliolegea hauwezi kuupitisha. Nilikuwa na jibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sikutoa hata moja.

Starta ilikuwa imesafishwa siku moja kabla na Fundi Okumu, mzee mpole anayetoka Kambi Muru kule Kibera. Mjomba akampigia, naye akaja kwa miguu na mfuko wake wa vyuma. Hakuruhusiwa hata kufungua boneti. Mjomba alimwambia mbele ya watu kwamba alitoa starta nzuri akaweka ya kutupwa. Fundi hakubishana. Aliuliza tu, "Mzee, betri imefungwa na nani leo?"

"Na huyu msichana wetu. Na huyu hakoseangi."

Fundi akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Akaokota mfuko wake akaondoka, na Baba Shiru akamwambia kwa nyuma, eti akumbuke kubeba na magurudumu.

Walipoingia ndani niliazima koleo kwa mama wa makaa, nikakaza. Mjomba alipojaribu tena, gari likanguruma.

"Mnaona?" akasema. "Kufukuzwa kwake tu, gari imepona."

Wote wakacheka. Nami nilicheka, Mama. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Sasa hakuna mtu wa ploti hii anayemwita Fundi Okumu. Ijumaa nikitoka shule nilimkuta ameketi kando ya barabara, mfuko haujafunguliwa. Nilitaka kuvuka ng'ambo, lakini aliniwahi.

"Sasa, msichana wa betri. Ile gari inaamka?"

"Inaamka."

"Poa. Nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi."

Alifurahi kweli. Siku zote hizo alikuwa akijishuku kwa kosa langu.

Barua hii nimeiandika siku mbili, nikiificha ndani ya kitabu cha Fizikia kila mlango unapolia. Naogopa Mjomba hatasema tena kwamba sikosei. Nisalimie Nyanya, mwambie leso yake ndiyo ninayojifunika. Nisalimie na mdogo wangu Tito, asiharibu baiskeli, na yule mwalimu wetu wa kwaya.

Nasikia viatu vya Mjomba kwenye korido. Navijua, cha kushoto hukwaruza. Kitabu kiko hapa karibu na mkono wangu. Sikifungui. Karatasi naiacha mezani, na akiuliza ni nini nitamwambia asome, kisha twende naye Kambi Muru kwa Fundi.

Ni mimi, mtoto wako anayekosea,
Nekesa