Yule Aliyetoa Baiskeli

Vingunguti, Jumanne. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa inagonga bati.

Shajara yangu, u hali gani? Sie huku hatujambo. Bibi, mama mkwe wangu, hajambo ila magoti, na masikio ndiyo yameaga kabisa. Zainabu binti yangu hajambo, yuko kwa mumewe kule Wazo. Mumewe naye hajambo, ni vumbi la saruji tu linamkaba kifua. Mama Siwema jirani hajambo, na mdomo wake nao haujambo. Jogoo wa Idrisa hajambo, anawika saa anazotaka yeye.

Salamu zimekuwa ndefu. Zainabu aliponifungulia ukurasa huu kwenye simu alisema, "Mama, andika kilichomo moyoni, hakuna wa kukusahihisha." Mie shule niliishia la nne, na kuandika ninakokujua ni kwa barua tu.

Kilichomo moyoni ni Idrisa.

Mwanangu wa mwisho huyu. Anaendesha baiskeli za mashindano huko Ulaya, ndiyo ajira yake, ana mshahara kama mtu wa ofisini. Alianzia hapahapa, akibeba nyama za machinjioni kupeleka mabuchani. Nilikuwaga nikisikia kengele yake kichochoroni, hata hajatokeza, namimina chai. Siku hizi namwona kwenye simu, na kengele hakuna.

Jumapili kulikuwa na mashindano. Mama Siwema akaja na simu yake yenye kioo kipana, tukakaa barazani. Timu yao wanavaa njano, na weusi wako wawili: Idrisa wangu na kijana mmoja wa Rwanda. Nikamshika wangu kwa macho, yule wa mbele, kama ninavyomshika kila mara.

Kwenye mteremko akaanguka. Goti damu, gurudumu limepinda. Nilipiga ukelele mpaka bibi asiyesikia akasikia.

Mara yule mwenzake akasimama, akashuka, akampa baiskeli yake. Wangu akapanda, huyo, akaenda. Mwenzake akabaki pembeni na ile mbovu, wote wanampita.

Mama Siwema akacheka. "Haa! Bwege huyu! Anagawa baiskeli katikati ya mashindano? Si angekimbia zake?"

"Muache," nikamwambia. "Kanisitiria mwanangu. Mungu amweke mama aliyemzaa huyo."

"Amina. Lakini bwege."

Kuanzia hapo simu ya Idrisa haikupatikana. Jana sikula kitu.

Leo asubuhi kapiga. Shikamoo mama, marahaba, goti vipi baba?

"Goti gani?"

"Si ulianguka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, yule ni mwenzangu. Nilikuwa naye hospitali wanamshona, ndiyo maana sikushika simu. Mie ndiye niliyempa baiskeli. Yeye ndiye anayetegemewa kushinda, na mie kazi yangu ni kumtunza afike."

Nami nikacheka. Tukacheka wote.

Alipokata, nikalia.

Si kwamba hashindi, asishinde, sawa tu. Ila mtoto niliyemjua kwa kengele, kumbe nimemtazama muda wote huu na sikumwona. Kofia zile, miwani ile, na wamekonda wote sawasawa. Dua zangu za kila kilima nimezituma kwa mtoto wa mwenzangu. Hizo hazijapotea, nazo ni dua.

Kinachoniuma ni Jumapili. Alisimama peke yake kando ya barabara ya watu, kashika baiskeli mbovu, na mie mamaake nikaondoa macho nikamfuata mwingine.

Mama Siwema sijamwambia bwege wake ni nani.

Mvua haijakatika. Bibi kalala, na chai niliyomimina imepoa.

Idrisa mwanangu, Zainabu anasema huwa unapitia humu. Basi nijulishe goti la mwenzio linaendeleaje, na mama yake kaambiwa na nani, maana naye atakuwa hali chakula. Na siku ukipita mbele ya kamera, gusa kofia yako mara mbili, kama ulivyokuwa ukigonga kengele hapa kichochoroni. Nitakujua. Usikawie kujibu, baba, nijibu leo hii hii, hata neno moja.