Simu ya Zamani Aliyoichagua Devota

Ilomba, Mbeya
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lugano,

Hujambo huko Mtwara? Ile homa imekuachia? Mkeo Yusta na mtoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ila baridi inatukomoa. Mama hatoki kwenye blanketi mpaka chai iive. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye meseji unanijibu kwa dole gumba, na mambo haya hayajibiwi hivyo.

Ni habari ya simu ya Devota. Ile uliyomtumia, toleo la zamani lililosifiwa sana, iliacha kupokea apdeti, na tangu mwezi wa pili programu ya kupigiana video ikagoma kufunguka. Mimi na wewe tungepiga simu ya kawaida, maisha yakaendelea. Lakini mdogo wetu ni kiziwi, Lugano. Yeye yuko Iringa na cherehani yake, mama yuko hapa, na meseji za maandishi mama hasomi. Miezi yote hiyo hawajazungumza.

Halafu wewe ukatuma pesa na maneno mawili matatu: nichukue tena toleo la zamani la kampuni kubwa, lina kamera kali. Nilichukia! Ugonjwa uleule tunaununua mara ya pili? Nilikuuliza litapata apdeti mpaka lini. Ukanitumia dole.

Basi wiki iliyopita nilikwenda Iringa mwenyewe, nimeshakata shauri kununua simu mpya ya kawaida. Dukani mimi na Devota tulimkuta dada mmoja, Verediana, ambaye hakutudanganya.

“Hii mpya ni ya kawaida tu, ila itapata apdeti kwa muda mrefu,” alisema. “Ya zamani ni nzuri zaidi, lakini imebakiza kama miaka miwili. Ikifika hapo msije kunililia.”

“Tupe mpya,” nikamwambia.

Devota akanishika mkono. Alitaka kwanza tuzijaribu zote mbili kwa mama. Verediana akatuwekea laini ya dukani, nikampigia binti yangu Blandina huku nyumbani, naye akamshikia mama simu.

Kwa ile mpya, Devota alianza kuongea kwa mikono, mama akawa anakunja uso. “Anasemaje? Vidole vyake vinaungana kama uji.” Devota akarudia taratibu. Mama akatikisa kichwa, na mimi nikasikia aibu kana kwamba nimemnyima chakula.

Kwa ile ya zamani, Devota hajamaliza hata salamu, mama akacheka kwa sauti, akaweka kikombe chini, akaanza kujibu kwa mikono miwili. Wateja wote wakageuka.

Bado nikakataa. Kwa alama zangu mbovu nilimwambia Devota kwamba baada ya miaka miwili tutarudi palepale. Akanitazama, akanijibu polepole ili nisikose hata neno: “Simu ina miaka miwili. Macho ya mama hayana.”

Nilimuuliza ana maana gani. Akaniambia kwamba hata kabla simu yake haijagoma, mama alikuwa anamwomba asogee kwenye mwanga, arudie, na alichanganya alama ambazo mama mwenyewe alimfundisha tangu utotoni. Mimi ninayelala naye nyumba moja sikuwa na habari! Humu ndani anatembea kwa mazoea, hajikwai popote.

Tukanunua ya zamani. Kwa hiyo umeshinda, na inaniudhi, kwa sababu umeshinda bila kujua ulichokuwa unashindania.

Niliporudi nilimpeleka mama hospitali. Ni presha ya macho. Daktari amempa dawa ya matone ya kuchelewesha tatizo, lakini kuona kulikopotea hakurudi. Mama alimsikiliza, kisha akaniuliza kama jioni Devota atakuwa na bando. Sasa kila siku wanaongea mpaka chakula kinapoa, nami sithubutu kuwakatiza.

Lugano, nimechoka kubishana na wewe habari za matoleo. Usitume simu nyingine. Omba likizo. Mtoto wenu mama anamjua kwa picha tu. Mleteni, asimame karibu naye uwanjani mchana kweupe, mama amtazame vizuri.

Mpe Yusta salamu zangu, na mwanenu Lusekelo mbebe juu kwa ajili yangu. Blandina anawaamkia. Mama anasema ndaga, asante sana, kwa pesa uliyotuma. Hajui kwamba nakuandikia. Mungu awalinde safarini, maana mimi nimeshaanza kufua mashuka ya wageni.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Tupokigwe