Uso Wako Kwenye Karatasi ya Sukari

Kwako Kulwa, uliyenitangulia kutoka tumboni ukaringa maisha yako yote,

Shikamoo. Nakupa leo tu, usizoee.

Tangu habari ifike kwamba homa imekumaliza Igunga, ulikokwenda kupiga mihuri marobota ya pamba, na kwamba wamekuzika hukohuko, mama amenikataza kulia. "Pacha haliliwi. Ukimlilia atakuvuta. Sema kasafiri." Basi wateja wetu wa mihuri wakikuulizia nawaambia umekwenda kuoa, mke mnene. Wanacheka. Mimi naingia ndani, nang'ata ulimi.

Mkono ndio ulioshindwa kudanganya. Nikachukua ubao wa mhuri na kioo cha kunyolea, nikachonga uso wangu polepole, kama kioo kinavyouonyesha. Napaka masizi na mafuta, nakandamiza karatasi ya kufungia sukari, naanika. Wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nilikuwa nautafuta wako. Lakini kila ukitoka, ni mimi: kovu kwenye nyusi ya kushoto. Unakumbuka tulivyogongana vichwa kule Kwihara tukigombea kiazi? Mimi nikapasuka kushoto, wewe kulia.

Leo asubuhi mama kaja hapa kibandani Cheyo, kanikuta nimejaa kwenye kamba kama nguo.

"We mtoto, unajiita kaburini?"

"Mama, mbona Kingi wa Waingereza anachapwa kwenye stempu kila siku na hajafa?"

"Kingi hana pacha! Alasiri narudi na kiberiti. Nikute umezikusanya."

Sikukusanya. Nikachonga wa mwisho, mbiombio. Mkono kwa mazoea ukageuza nilichokiona kiooni, kama unavyogeuza herufi za mihuri. Kumbe kioo kilishageuza, nami nikageuza tena! Nikabandua karatasi: kovu liko kulia. Ulikuwa unanitazama.

Mama akaingia na kiberiti. Akasimama. Wino ulikuwa haujakauka, akaupuliza taratibu, kama alivyokuwa akikupulizia uji.

"Kulwa."

Kisha akalia. Kwa sauti, mlango wazi, majirani wote wanasikia. Na mimi nikaachia.

Akakuviringisha ndani ya kanga yake, akanirushia kiberiti.

"Zako zichome. Wewe bado uko hapa."

Nimezichoma zote. Nimewaka vizuri, mzuri ni mzuri hata motoni. Mistari ikiwa imepinda ni moshi huo, usianze kunicheka.

Pumzika, ndugu yangu. Usinisubiri mlangoni, nina mihuri ya watu ya kuchonga.

Pacha wako wa kovu la kushoto,
Doto