Betri za Kompyuta ya Dada

4 Februari

Kasuku, mdogo wangu,

Hujambo? Mafua yamekuacha? Mimi mzima, ila huu mgongo wa kuinamia cherehani unanikumbusha kila asubuhi kwamba usichana umeniaga. Lile sanduku la bati la mama lilifika? Nililikabidhi kwa dereva wa mizigo kwa mkono wangu, na nikamtisha vizuri.

Sasa sikiliza. Fundi Mkuu wetu amestaafu, meza ya kukatia haina mwenyewe. Miaka kumi na moja nimeitamani meza ile, unajua. Tumebaki wawili, mimi na Miwani, yule anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mama Bosi ametangaza mbele ya karakana nzima kwamba madaftari hataki kuyaona tena. Tarehe mosi Aprili, atakayemwonyesha wateja wake wote ndani ya kompyuta ya mkononi, vipimo na siku za kujaribisha magauni, ndiye Fundi Mkuu. Atakayeshindwa ataenda kushona vifungo. Vifungo, Kasuku! Kwa umri huu!

Mimi wateja wangu ni mia tatu na kumi na mbili, kwenye madaftari matatu. Wewe ndiye unayeuza mashine za ofisini. Nichagulie mdogo wangu, mimi hata redio naiogopa. Nakuachia wewe, macho nimefumba.

Dada yako

*

15 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mafua yameisha, mgongo pole. Sanduku lilifika, nimelifungua mpaka chini kabisa. Nguo za mama bado zinanukia sabuni yake. Nimekuta hata mkasi wako wa meno wa zamani, ule unaoacha ukingo kama msumeno. Nimelia sana siku ile.

Tuje kwenye kompyuta. Dukani tunazo za aina mbili. Ya kwanza nzito kama tofali, ina vitufe vidogo na betri ya pili imefichwa ndani, huwezi kuigusa mwenyewe. Shida tupu, sikushauri. Ya pili ni nyepesi, inaingia mfuko wa aproni, unaandika juu ya kioo kwa kijiti. Inatumia betri mbili ndogo za kawaida, unazipata popote. Hiyo ndiyo yako, nimeshaifunga, inakuja na basi la mizigo Jumamosi.

Mambo matatu. Ukishamwingiza mteja, chana ukurasa wake, usije ukamwandika mara mbili. Betri usiziguse mpaka umalize wote, kazi ikikatika katikati utachanganyikiwa. Ukishamaliza, fanya kama mama alivyotufundisha. Kitabu cha maelekezo nimekitoa, maandishi yake madogo kama chungu. Ukikwama niulize mimi.

Mdogo wako,
Kasuku

*

30 Machi

Kasuku wangu, mwana wa mama,

Hujambo, hujambo tena! Mgongo siusikii, sijui umeenda wapi. Nimemaliza! Mia tatu na kumi na mbili, wote! Yule bwana harusi mwenye bega moja juu, moja chini, yumo. Yule mama mkubwa anayeniambia kila mwaka niongeze inchi kisha ananilaumu kwamba nguo imepanuka, yumo. Nabonyeza herufi, anatokea, kifua, kiuno, mkono, siku ya kujaribisha. Nilimwonyesha Miwani kidogo tu, kicheko kikamkauka. Yeye bado yuko mteja wa tisini.

Kurasa nimechana zote kama ulivyosema. Zimejaa gunia, mlinzi ameziwashia moto wa takataka. Iliniuma kidogo, nisikufiche, madaftari yale nimekula nayo miaka.

Na jioni hii nimetoa betri. Unakumbuka mama na redio yake? Habari zikiisha tu, betri nje, zinafungwa kwenye kitambaa, asubuhi juani. “Kitu kipumzike.” Nami nimezifunga kwenye kitambaa cha bitana. Keshokutwa nazirudisha mbele ya Mama Bosi.

Mdogo wangu, miaka hii hatukuwa tunaandikiana vizuri na sijawahi kujua kosa langu. Nikiipata meza ile, nusu ni yako. Nakupenda.

Dada yako

*

1 Aprili

Kasuku,

Sina salamu. Nimeweka betri, kompyuta imeniuliza jina langu. Jina langu, kama vile hatujawahi kuonana! Kisha ikaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nabonyeza herufi zote, hamna mtu. Hamna hata mmoja. Karakana nzima imenizunguka, na Miwani hakucheka, heri angecheka.

Mama Bosi amenipa mpaka Jumamosi. Kuna namna ya kuwarudisha? Lazima ipo. Niambie haraka, nakuomba.

Dada

*

9 Aprili

Kasuku, mbona kimya? Unaumwa? Dukani nimepiga simu, wanasema upo kazini. Jumamosi imepita.

Dada

*

28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini na wewe hujambo.

Hakuna namna ya kuwarudisha. Kompyuta ile ikikaa dakika moja bila betri inasahau kila kitu. Ile nzito kama tofali isingesahau, betri yake ya ndani kazi yake ndiyo hiyo. Nilijua. Nilijua pia kwamba usingelala na betri zimo ndani, kwa hiyo usijilaumu, ulifanya kama nilivyokupangia.

Chini ya sanduku la mama nimekuta barua ya chuo cha ualimu. Jina langu juu. Nimekubaliwa, nianze Januari. Miaka kumi na miwili iliyopita! Nilikwenda posta kila siku miezi miwili, yule karani akawa ananionea huruma, na wewe ukaniambia, “Achana nao, hawakukutaka.” Bahasha imefunguliwa kwa mkasi wa meno, ukingo wote mawimbi mawimbi. Nani mwingine nyumbani alikuwa na mkasi wa meno? Na mkasi wenyewe umo humo humo, pembeni ya barua.

Ulitaka nibaki nimwogeshe mama ili wewe uende mjini kushona. Nikabaki. Nilimwogesha mpaka alipofariki mwaka jana. Sasa nenda kashone vifungo.

Mdogo wako

*

17 Mei

Kasuku,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye kile kiti cha nyuma, karibu na choo. Ndipo wanapokaa wa vifungo. Fundi Mkuu ni Miwani, ananiita “bibi” kwa heshima, na hilo linaniuma kuliko vicheko vyake vyote.

Mkasi huo haujawahi kuwa wangu. Wangu nilipewa hapa karakana, mwaka mmoja baada ya hiyo barua yako ya chuo, na uko mbele yangu ninapoandika. Huo ulio nao ni wa mama. Alikuwa nao kabla hatujazaliwa, akiufungia sandukuni tusiuchezee.

Nilikuambia hawakukutaka kwa sababu mama ndiye aliyeniambia hivyo. Aliniambia kapokea jibu, karani kampa mkononi, wamekukataa, nikueleze taratibu kwa kuwa yeye anashindwa kukutazama usoni. Nikamwamini. Alikuwa mama.

Wiki ya mwisho, ulipomleta hospitali huku mjini na sanduku lake, alinishika mkono akasema, “Sanduku limfikie Kasuku, wewe usilifungue.” Sikulifungua. Nilidhani ni nguo.

Ungeniuliza, Kasuku. Neno moja tu, kabla ya kufunga ule mzigo wa Jumamosi.

Usiniandikie tena. Nakurudishia kompyuta yako kwa basi lile lile la mizigo. Betri nimezitoa.

Mshona vifungo