Kipande cha Katikati

Pate, 9 Januari 2023

Kwa mwanangu Huwaida,

Assalaam alaikum. Waonaje, mwanangu? Huyo wa tumboni aonaje? Sisi huku hatujambo. Bibi yako Mwanamkisi akusalimu sana, na meno yake mawili yaliyobaki. Kakako Hamdu akusalimu. Mkewe Hayat akusalimu, asema ukitapika urambe ndimu na chumvi. Shangazi Mardhiya akusalimu, goti lake bado. Wasalimie mumeo Ridhwani na mavyaa wako Bi Nasreen, mwambie salamu zake huzitanguliza mbele.

Naandika kwa sababu simu nikipiga hushikwa na mavyaa wako, na mimi nikimsikia yeye maneno yanikimbia. Ukiona nimekosea herufi, mimi mwalimu wangu ni chuo cha Kurani tu na wewe ulipokuwa darasa la nne.

Nimempa Uthman wa boti mfarishi wa kumfunikia mjukuu wangu. Nimeujaza sufi, nimeuchambua mbegu kwa mkono, asichomwe. Vipande ni vya kwetu: leso ya bibi yako, kanzu ya Hamdu alipokuwa mdogo, shela yangu ya harusi. Ile buluu yenye mistari ni kikoi cha baba yako, Mungu amrehemu. Bandi zangu za mshono zapinda kushoto siku hizi, ni mato, usinicheke.

Kipande cha katikati nimekiacha cheupe. Ni cha jina. Siku yake ya arobaini nitakuja na sindano yangu nimshone jina nikiwa nimempakata, kama nilivyoshonewa mimi, na wewe ukashonewa. Niambie siku mapema, nipate kupaka hina.

Mamako


Langoni, 2 Februari 2023

Mama,

Waalaikum salaam. Sisi wazima. Mfarishi umefika, ahsante. Mzuri. Nimeuweka kabatini usiingie vumbi.

Lakini mama, usijisumbue na sindano. Huku majina hutiwa kwa cherehani ya kutarizi, ile ya umeme. Mavyaa ameshaagiza shuka, foronya na shela, vyote rangi moja, na wageni watapewa vitambaa vyenye jina la mtoto. Wao wataka vifanane.

Siku ya arobaini nitakuambia. Pumzisha macho.

Mwanao, Huwaida


Pate, 30 Aprili 2023

Huwaida mwanangu,

Assalaam alaikum. Wa hapa nyumbani wote wazima. Bibi yako auliza mtoto alia sauti gani.

Siku ya arobaini sikuambiwa na wewe. Niliambiwa na Hadil, binti wa jirani aliyeolewa huko, akidhani najua. Nikapaka hina usiku huohuo, asubuhi nikapanda boti gatini Mtangawanda kuja kwenu, sindano na uzi nimevifunga pembeni mwa leso. Bahari ilichafuka, nikatapika, nikamwomba Mungu nisiharibu buibui.

Nilipoingia ndia ya kwenu nikapisha punda. Amebeba mchanga wa kujengea, matumbi mawili. Chini ya matumbi nikaona bandi zimepinda kushoto.

Mwanangu, mtu hasahau mkono wake.

Anayemwongoza ni mtu wa bara, Kipchumba jina lake, ana adabu. Nikamuuliza ile soji, tandiko la punda, ameipata wapi. Akasema, "Mama, nilipewa nyumba hiyo yenye sherehe. Waliniambia haitakiwi." Akaona uso wangu, akashusha mchanga bila kuambiwa, akanipa mfarishi. Nikavua leso yangu ya ndani ya buibui, nikafungua sindano na uzi, nikampa amtandikie punda, maana mnyama naye ana mgongo.

Mlango wenu ulikuwa wazi. Nilikuona. Umenenepa, mashallah. Mtoto amefunikwa shuka ya rangi ya mbingu, jina lang'aa, mato yangu hayakulifikia. Wanawake wanacheka, udi umejaa hadi nje. Bi Nasreen alinitazama nimejifunika uso kwa buibui, hakunijua, akadhani nimekuja kuomba chakula, akamwita mtu aniletee sahani.

Sikuingia. Sahani niliipokea, nikampa Kipchumba.

Mamako


Langoni, 21 Mei 2023

Mama,

Salamu. Kwa nini hukuingia? Hadil amesema kila mahali kwamba ulikuja. Nimeaibika.

Nisikilize. Mavyaa aliukunjua mfarishi mbele ya wifi zangu. Akauliza ile buluu ya nani. Nikasema ya marehemu baba. Akaniuliza, "Ni kikoi alichofia?" Walikuwa wananitazama wote, mama. Nilikumbuka baba kitandani na kikoi cha buluu, nikanyamaza. Akasema nguo ya maiti haimfuniki mtoto mchanga, akautoa nje. Kwamba umewekewa punda sikujua mpaka uliponiandikia.

Na wewe pia ulikosa. Ungetafuta kitambaa kipya dukani. Ridhwani asema tuache yapoe kwanza, usije kwa sasa.

Huwaida


Pate, 3 Juni 2023

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Hamdu hajambo, Hayat hajambo, Mardhiya goti limempata tena, bibi yako analala sana. Wote wakusalimu. Sikuwaambia kitu. Nimewaambia mfarishi nimeurudisha mwenyewe niuzidishe sufi.

Baba yako alikuwa na vikoi viwili vya buluu. Alichofia nilikifua kwa mkono wangu, nikakitoa sadaka kwa mwadhini baada ya hitima. Ungemwona, alikivaa mwaka mzima. Hiki nilichokata ni kile alichokubebea siku ya arobaini yako, akakupitisha nyumba kwa nyumba Pate nzima, na wewe umetia ncha yake mdomoni, hutaki kuachia. Ile ncha nilikushonea makusudi, iko upande wa kichwani, upate kuiona.

Ungeniuliza. Neno moja tu, nami ningekujibu boti hiyohiyo.

Nimeufua maji saba. Harufu ya punda imetoka, ya mchanga bado. Sufi iliganda, nimeitoa yote, naichambua upya kidogokidogo, mchana tu kukiwa na mwanga. Daktari wa mato amesema la kushoto limekwisha, la kulia lategemea Mungu.

Kile kipande cheupe kiko palepale. Nyuzi ninazo. Lakini Huwaida, katika barua zako zote hukuniandikia mjukuu wangu anaitwa nani. Nilimuuliza Hadil, asema kwa kelele za siku ile hakulisikia vizuri, nami naona haya kuuliza watu.

Niandikie jina lake. Hilo tu, kwa herufi kubwa. Mpe Uthman, yuko gatini kila Jumatano. Upesi, mwanangu, kabla mato hayajafunga.

Mamako