Majani Yaliyopakwa Mafuta

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Unalala vizuri? Unakula ukashiba? Mimi mzima, ila magoti yana maneno yao. Barua yako nimeisoma polepole, kidole juu ya mstari, maana shule yangu unaijua ilipoishia.

Nimefurahi umepata hiyo kazi ya majaribio hotelini, ya kutunza mimea ya ndani. Lakini uliposema majani yana madoa meupe na msimamizi hayataki, nimeiweka barua chini nikafikiri la kufanya. Wasije wakakurudisha, mama. Nikufundishe. Ulipokuwa mdogo, ngozi yako ikipauka nilikupaka mafuta ukang'aa, watu wakauliza huyu mtoto wa nani. Basi na hayo majani yapake mafuta ya kupikia, kidogo tu, kwa kitambaa. Jani gani litakataa kupendeza?

Nijibu upesi.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Mimi sijambo, nakula, nalala. Pole na magoti. Mama, mafuta yamejibu! Nimepaka mimea yote ya ukumbi wa mapokezi, madoa hayaonekani, wageni wanasimama kupiga picha. Msimamizi wetu tunamwita Bi Kidole, kwa sababu hupitisha kidole kila mahali kutafuta vumbi. Jana alitazama kwa mbali tu, akasema, "Haya, binti." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Mwisho wa mwezi ataamua nani abaki, nani aende. Niombee.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Kimya chako kinanila. Fundi cherehani hapa jirani ananichokoza: "Mtoto akishaingia hoteli, barua za nini tena?" Nikamwambia ashone nguo za watu, mambo yangu ayaache na matundu yake. Lakini usingizi sina.

Halafu kuna jambo. Nililipaka mafuta lile ua langu la dirishani, nijione nafanya kazi pamoja na wewe. Leo limeshika vumbi kama limeoga majivu. Nafuta, linazidi kuwa tope. Mwanangu, niambie ya kwako hayako hivyo. Kama nimekuponza mimi, niambie vilevile.

Mama yako asiyelala

30 Machi

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Mimi mzima. Ya kwangu yalikuwa hivyohivyo. Ningekuandikia nini?

Bi Kidole alipitisha kidole kwenye jani, kikatoka cheusi. "Nani kafanya hivi?" Wenzangu wote wakaangalia sakafu. Nikasema, "Mimi. Nimeyapaka mafuta ya kupikia."

"Ya kupikia! Ulitaka kuyakaanga?"

Walicheka, Mama, hata mpishi alitoka jikoni kuja kucheka. Nikamwambia, "Nipe nafasi niyaoshe." Akanitazama. "Yasipotakata kabla sijapeleka majina ofisini, la kwako halitakuwemo." Lakini akakunja mikono ya gauni, akanionyesha mwenyewe: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo matone machache, kiganja chini ya jani ulishike kama shavu la mtoto, kitambaa laini juu, kutoka kwenye kikonyo kwenda nchani.

Nikaosha. Maji yakichafuka namwaga, naanza upya. Mafuta yalipotoka, Mama, yale madoa meupe yakarudi yote, yananichekelea! Nilikaa chini nikalia kidogo. Kisha nikamfuata Bi Kidole nikamuuliza. Kumbe ni chumvi ya maji ya bomba: tone likikaukia juu ya jani, linaacha alama. Nikatia siki kidogo kwenye maji mengi, nikafuta, nikasuuza, nikakausha jani moja moja kabla tone halijakauka lenyewe.

Leo amepita. Kidole juu ya jani, kidole chini ya jani. Akakitazama kidole, akanitazama mimi. "Binti, kesho lete picha ya kitambulisho."

Nimeajiriwa, Mama! Na mimea ya ghorofa zote amenikabidhi mimi.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu mfanyakazi,

Hali yako siiulizi, naiona. Yangu nzuri, magoti yenyewe leo yamenyamaza.

Nilipofika pale pa "nimeajiriwa" nilidhani nimesoma vibaya. Nikarudia, herufi kwa herufi. Halafu nikapiga kigelegele, fundi cherehani akatoka mbio na futi shingoni, akidhani nimeanguka.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna ajira!"

"Ya kufanya nini?"

"Kuosha majani."

"Na hiyo nayo kazi?"

Nikamwambia, "Nenda ukaombe, utamkuta mwanangu ndiye mkubwa wako." Akacheka, tukacheza wote pale mlangoni, mwanamume mzima na futi lake linapepea.

Umesema "mimi" mbele ya watu waliokuwa wanakucheka, ukabaki pale ukaosha. Hilo sikukufundisha mimi, umelitoa kwako. Ushauri mwingine ninao tele, ila kuanzia sasa kwanza muulize Bi Kidole.

Naishia hapa. Jirani wa nyuma hajasomewa barua yako, na sauti bado ninayo.

Ni mimi,

Mama wa mwajiriwa